Moshi Uliokuondoa, Mama Mashine

Mama, mwaka umetimia tangu kifua kilipokulemea ukatuacha. Bado kuna asubuhi mmoja wetu anakuita akuulize ufunguo wa mashine uko wapi, kisha anautafuta mwenyewe.

Mji mzima ulikuita Mama Mashine. Uliwasagia watu mahindi tangu sisi tukiwa mgongoni, ukirudi nyumbani na nyusi nyeupe kwa unga, wajukuu wakicheka kwamba bibi amezeeka tangu asubuhi. Aliyeruka foleni ulimwambia, "Mwenye haraka asage kwa meno!" Lakini mjane akija na debe lake ulimsagia kwanza, na hakuna aliyethubutu kunung'unika.

Kikohozi chako tulidhani ni vumbi la unga. Kumbe ni moshi wa injini ya dizeli, miaka yote hiyo. Daktari alipotueleza tulihangaika. Tukaweka paneli za sola juu ya bati, na nyuma ya zizi tukajenga mtambo wa gesi ya samadi, ili jua likififia gesi ipokee. Siku mashine ilipowaka bila moshi ulikaa mlangoni ukasema, "Kumbe unga unanukia hivi!" Hewa safi ilikuja, ila ilikukuta umeshakwisha. Uchungu huo haujatutoka.

Masika haya mawingu yalitanda, ng'ombe wakafa kwa ugonjwa, gesi ikawa haitoshi. Wateja wakaanza kutuhama. Baba akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akaifuta vumbi ile injini iliyobaki kibandani, akaiwasha. Foleni ikarudi, naye akachangamka kama zamani. Haukupita muda tukamsikia anakohoa. Kikohozi kilekile, mama.

Tumeing'oa injini na kuiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Baba ametununia. "Mnaiua mashine ya mama yenu," anasema, na huenda ni kweli. Siku za mawingu tunafunga mapema, na watu wanapita na magunia yao kwenda kwingine. Usituone wazembe. Tumebakiwa na mzazi mmoja.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye leo hatusemeshi. Wanao, wakwe na wajukuu zako. Mdogo wako mshona nguo, na wote uliowasagia. Hatutakusahau, mama, mpaka siku nasi tutakapokufuata.