Mkanda Uliouacha Nyumbani

Kalpitiya, Julai

Mdogo wangu Sudath,

Upepo umeshika, na wageni ninaowafundisha kuteleza baharini juu ya ubao wakivutwa na tiara wamejaa. Mbuzi wa jirani amekula maua ya sanamu ya Bikira Maria. Padri bado hajajua.

Umeniomba nikutumie mkanda wako wa tiara huko Sisilia. Nunua mpya. Chukua wa kiuno, si wa kukalia unaopita mapajani, uubane usipande mbavuni. Halafu acha kuchutama juu ya ubao kama uko chooni. Sukuma nyonga mbele, mabega nyuma, utazame unakokwenda. Nyinyi mliokulia kwenye kuvuta nyavu ufukweni mna kosa moja: mmezoea kurudi kinyumenyume, mkikodolea macho kinachowavuta.

Ule wa zamani siwezi kuutuma. Tangu Mei baba amepooza upande mmoja. Alikataa uambiwe. "Mwache mtoto afanye kazi," alisema. Mkanda wako ni wa kukalia, kwa hiyo tunamvisha. Mimi nashika ndoano ya mbele, ile ya kufungia tiara, mume wangu anashika nyuma, tunamhamishia kitini. Yule mtu aliyekuwa akivuta wavu mbele ya wote sasa ni mwepesi, Sudath. Nisingependa umkute hivi.

Kila tukimnyanyua husema, "Taratibu, Sudath, usije ukaumia mgongo."

Mwanzoni mume wangu alikuwa akimsahihisha. Siku hizi anaitika tu, "Ndiyo, baba."

Dada yako,
Inoka