Gunzi Nililozibia Tangi

Ngorongo, Jumapili mchana

Kaka yangu Shomari,

Assalam aleikum. Nisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Lile lori lililoniletea trekta lako limepita hapa mara nne likienda Kibiti, na mara zote nne dereva ameniuliza, "Dada, huna barua ya nyumbani?" Nikamjibu sina karatasi. Karatasi ninayo, kaka. Nilichokosa ni uso. Hujambo lakini? Kifua cha mama kimepungua, au bado anakohoa alfajiri? Huku sisi wazima. Zuhura ameanza kusimama, meno yanamtoka, na usingizi mimi nausikia kwa watu. Naandika juu ya dungu la kulindia shamba, yeye kalala mapajani, na kila mistari miwili naacha kalamu nipige debe, maana mpunga umeanza kuingia maziwa na ndege hawana huruma. Ukiona mwandiko umekwenda upande ujue ni wao.

Mpunga huo umelimwa na trekta lako, na ndiyo habari yenyewe.

Uliponipa ulisema, "Hili dogo la bustani, tena zee. Lisikilize kabla hujalipiga teke." Tangu ushirika uache kukodisha matrekta hapa kila mtu na jembe lake la mkono, kwa hiyo lilipofika watu walikuja kulitazama kama bibi harusi. Siku ya kwanza likalima mistari sita, likakohoa, likazima. Tukavuta kamba ya kuwashia mpaka viganja vikachubuka. Nikakaa nikamnyonyesha Zuhura mpaka akashiba, nikafungua tangi, mafuta yapo, nikafunga, nikavuta kamba: likawaka. Mistari sita, likazima tena. Ikawa hivyo siku nne.

Baba Zuhura akacheka, "Trekta la shemeji lina mimba, hatua mbili linataka kupumzika." Jirani yetu Bi Tatu akaja na chetezo chake. "Mwenzangu, hilo lina mwenyewe. Lifukizie ubani."

"Bi Tatu, hiyo ni petroli, utatuunguza wote!" nikamzuia.

Mimi sikucheka. Nilisema moyoni, kaka kanifanyia hila. Na moyoni hayakukaa. Nilipokuja Kibiti kwenye harusi ya Asha, binti wa shangazi Mwajuma, tunachambua mchele jikoni, nikasema mbele ya wanawake wote, "Shomari kang'oa kabureta nzima kauza, mimi kanifungia kopo." Wakacheka. Mmoja akadakia, "Ndio mafundi wetu hao!" Na wewe ulikuwa nje hapo hapo, unawabebea wapishi maji. Baadaye mama akaniletea salamu kwamba watu wawili wameondoa pikipiki zao gereji kwako, na kwamba habari zangu huulizi tena.

Sasa sikiliza. Niliporudi huku nikaamua kulikagua mwenyewe, kama ulivyokuwa ukifanya nami nikikushikia spana. Nikatoa plagi, kavu, haina masizi. Nikaigusisha kwenye chuma cha injini, Baba Zuhura akavuta kamba, cheche ikaruka, tena ya buluu. Basi moto upo. Nikachomoa mpira wa mafuta pale unapoingia kwenye kabureta, nikakinga kikombe. Petroli ikatiririka vizuri, ikapungua, ikawa matone, ikakatika. Na tangi limejaa. Nikadhani kuna uchafu, nikashika kizibo cha tangi nichungulie. Nilipokichomoa tangi likavuta hewa, fyuuu, kama mtu aliyezama akaibuka, na kikombe kikaanza kujaa tena.

Kizibo hicho ni gunzi la mahindi, na nililiweka mimi. Mfuniko wako ulidondoka njiani kwenye lori, nami nikaziba kama tunavyoziba chupa za mafuta ya taa. Tena kwa kuogopa mvua nikalivisha mfuko wa nailoni, nikalifunga kwa mpira wa baiskeli, nikakaza. Mafuta yakitoka hewa haiingii, basi yanagoma kushuka. Kila nilipofungua kutazama ndipo tangi lilipopata pumzi, mimi nadhani limepona kwa kupumzika. Nikatafuta gunzi jingine, nikalitoboa kwa msumari, nailoni nikaitupa, tukalima shamba zima bila kuzima. Kabureta yako haina kosa.

Hayo niliyajua kabla mbegu haijaingia ardhini. Leo mpunga unaingia maziwa. Siku zote hizo wewe umekaa na jina la mwizi nililokupa mimi, na mimi nikipita kwenye shamba ulilonilimia nikitazama chini. Kosa la gunzi nalicheka hata mwenyewe. La kunyamaza halichekeki.

Kwa hiyo, kaka, usimwachie mama atupatanishe, wala usiseme yamekwisha kwa kuwa mimi ni mdogo wako. Mpe shangazi Mwajuma barua hii, awaite wale wale wa jikoni, aisome kwa sauti na jina langu alitaje. Hapa pa gunzi asiparuke, hata wakicheka. Na wenye pikipiki wapelekewe habari.

Nisalimie sana mama. Nisalimie wifi yangu, mkeo, aliyenifungia mkate wa kumimina safari ile nami nikaondoka bila kumuaga. Asha, bibi harusi wetu, mpe mkono. Shemeji yako anakusalimu, naye ana haya kama mimi.

Ninavyohitaji bado ni hivi: mfuniko wa tangi wenye kitundu, hata wa pikipiki ikiwa utakaa, mpira wa mafuta urefu wa mkono mmoja, huu umeanza kupasuka, plagi moja, sabuni mche mmoja, kanga kuukuu ya mama nimkatie Zuhura nepi. Na barua yako kwa mkono wako mwenyewe, hata ikiwa ya kunigombeza. Dereva anarudi huku Alhamisi.

Mdogo wako,
Hadija, Mama Zuhura