Simu Aliyoisubiri Filomena

Edmonton, London
9 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi Maureen,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na mvua imefika huko Voi? Sisi tu wazima, ila baridi imeanza kutung'ata.

Najua jana ulishangaa nilipokukatia simu. Nilikuwa na Filomena, yule mwenzangu tunayetunza naye wazee. Alikuwa akisubiri simu ya mtu ambaye huenda ni mdogo wake.

Kwao ni Timori ya Mashariki, nusu ya kisiwa karibu na Australia. Nchi nzima ina watu kama milioni moja na laki tatu. Nairobi peke yake inawazidi mara tatu. Wareno walikuwa wakiondoka mwaka 1975 jeshi la Indonesia lilipoingia, likakaa hadi wananchi walipopiga kura ya kujitawala mwaka 1999. Katikati hapo wengi mno walikufa kwa risasi na njaa. Watoto nao walichukuliwa na kupelekwa Indonesia. Zeferino, mdogo wake Filomena, alikuwa na miaka mitano askari walipompakia kwenye lori.

Mwezi uliopita, wanaowatafuta watoto hao walimpata mwanamume anayeitwa Akil huko Sulawesi, kisiwa cha Indonesia.

Simu ilipolia, Filomena hakuigusa. Akil anajua Kiindonesia tu, lugha ambayo Filomena alilazimishwa kujifunza enzi hizo, akaapa kutoitamka tena tangu askari wamuue baba yao.

"Lydia, lugha ile itanichoma mdomo."

"Basi ikuchome. Pokea!"

Akapokea, akaanza kumuuliza kwa Kiindonesia, huku akinitafsiria kwa mkato. Jina la baba? Hajui. Kijiji? Hajui. Nilimwona uso ukimsawijika, karibu akate. Ndipo Akil akasema, "Kuna msichana alinivuta shati. Likapasuka, mkono wa shati ukabaki kwake."

Shangazi, jambo hilo Filomena hajapata kumwambia mtu, hata mama yao. Alilia mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha akamjibu kwa lugha ileile, "Ni mimi niliyekuvuta."

Akil akauliza kama mama yu hai. Yu hai, yuko kijijini. Lakini Akil anaogopa: yeye sasa ni Mwislamu, mama ni Mkatoliki, na hawataelewana hata neno moja.

Ndiyo maana sitakuja Krismasi, unisamehe. Nimekubali kumshikia Filomena shifti zake zote. Tiketi ya kwenda kwa mama, ambako Akil naye atafika, ameshakata. Anasema ataketi katikati yao, aseme lugha ile kutwa nzima, hadi mama atosheke.

Nisalimie Hillary, na Lorraine na mtoto wake. Mungu awafunike nyote mlalapo na muamkapo.

Binti wa kaka yako akupendaye,
Lydia