Uchungu Upi?

Jumatatu, 4 Machi
Kliniki. Nimepewa kijitabu. Kurasa thelathini na mbili, jalada la waridi, na picha ya mwanamke mwenye tumbo dogo kama aliyemeza chungwa. Anacheka. Anachekea nini? Miguu yake hawakuipiga picha, ndiyo maana.

Ukurasa wa tatu: mwombe mumeo akukande mgongo. Wa tano: mumeo akubebee vitu vizito. Wa saba: wewe na mumeo chagueni jina. Mume, mume, mume. Utadhani wanagawa waume pale dirishani pamoja na vidonge vya kuongeza damu!

Muuguzi alikuwa anajaza kadi yangu. Jina la mume? Nikalitaja. Namba yake ya simu? Nikamwambia alifariki Desemba. Akasema pole mama, pole sana. Kisha kalamu ikarudi palepale: basi namba yake?

Alhamisi, 14 Machi
Ghalani tuna viatu jozi elfu nne, na hakuna hata moja inayoniingia. Miguu imeumuka kama unga uliosahauliwa. Siku nzima naandika namba kwenye maboksi kwa ile kalamu nene nyeusi yenye harufu kali.

Saa ya chakula nikatoa kijitabu na kalamu. Kila sentensi yenye neno "mumeo" nikaifuta. Mstari mnene, mara mbili. Sikuhangaika kusoma sentensi yenyewe — nikiliona neno tu, kwisha habari yake. Nikafika ukurasa wa mwisho kabla ya kengele. Kurasa nyingine zimebaki na milia kama punda wa porini. Sijajisikia vizuri hivi tangu Desemba!

Mpakiaji mmoja akauliza, dada, unasahihisha mtihani? Nikamwambia ndiyo, na wamefeli wote.

Jumamosi, 30 Machi
Wifi amekuja na mama yake. Wifi hajazaa lakini anajua kila kitu. Nisilie, mtoto atatoka na sura ya msiba. Nisicheke sana, watu wataniona. Nisinyanyue mikono. Nikauliza, na kupumua je, wifi, naruhusiwa? Mama mkwe akasema mwacheni, ulimi wake bado mzima, basi mtoto naye mzima. Akaongeza kwamba yeye alizaa sita bila kusoma hata karatasi ya sabuni. Akakaa kwenye kiti cha marehemu, bila kuuliza, akaanza kusinzia.

Nilikitazama kile kiti. Mtaa mzima ulimwita Fundi, hata mimi. Fundi bomba. Kabla ya kufungua bomba lolote aliligonga mara mbili kwa kidole, akatega sikio. Tumbo lilipoanza kuonekana akalifanyia vilevile. Ko, ko. "Hodi! Maji yamefika huko?" Nikamwambia, wewe, huyu si bomba.

Alifanya hivyo mpaka asubuhi ile. Kisha akaenda kwenye mtaro wa mabomba waliokuwa wanachimba, na ukuta wa mtaro ukamwangukia. Basi. Inatosha.

Jumatano, 17 Aprili
Nimezaa. Jana. Wa kike.

Lakini kwanza niandike kuhusu simu, maana nisipoandika sitaamini mwenyewe.

Saa nane mchana tumbo likakaza, likaachia, likakaza. Nikampigia wifi, ndiye tuliyepatana atafute gari. Nikasema, wifi, nina uchungu.

Nikasikia kwikwi ya kilio. Najua, wifi, akasema. Sote tuna uchungu. Leo kaka ametimiza miezi minne.

Nikasema hapana, sikiliza — uchungu!

Akasema anasikia. Hata yeye halali. Wakati huo nimeshika meza kwa mikono miwili, simu imebanwa begani, pumzi imekatika, nikaguna. Akasema lia wifi, lia, usijibane. Na akakata simu. Eti nilie kwa nafasi yangu!

Nikapiga tena. "UCHUNGU WA KUZAA, WEWE!"

"Sasa si ungesema?"

Lugha yetu nayo! Neno moja la kaburini na la kitanda cha kujifungulia. Waliolitunga bila shaka walikuwa wanaume, na walikuwa na haraka.

Kilo tatu na robo. Kijitabu kinasema ukimshika tu utajawa na furaha. Mimi nilijawa na kiu. Furaha ilichelewa, ikafika kama saa tano usiku, alipopiga chafya akajishangaa.

Ijumaa, 19 Aprili
Nyumbani. Hakuna aliyeniambia kwamba tumbo linabaki. Mtoto katoka, tumbo limekaa palepale kama mgeni asiyejua kuaga. Maziwa yamekuja yote kwa pamoja, matiti mawe. Kijitabu kinasema "usumbufu mdogo". Aliyeandika ana matiti kweli? Kinasema pia lala mtoto anapolala. Na nguo zifuliwe na nani, na mwanamke wa kwenye jalada?

Mama mkwe amehamia hapa. Anafua, hasemi sana, anakosoa kwa macho.

Jumapili, 21 Aprili
Kichwa kinauma tangu jana. Nimemeza vidonge, wapi.

Mama mkwe kasema ni uchungu.

Uchungu upi, mama?

Wa mwanangu, akasema. Uliubana, sasa umekupanda kichwani. Lala.

Wifi kapita jioni, naye ni wimbo uleule — uchungu. Nikidondosha kijiko, uchungu. Nikikosa hamu ya chai, uchungu. Siku nitakayovunjika mguu watasema ni uchungu umeshuka. Kisha wifi kanishika mashavu, akasema uzazi umenipenda, uso umejaa, nimenawiri! Pete hainitoki. Nimenawiri!

Jumanne, 23 Aprili
Asubuhi. Herufi zinacheza. Kuna vimetameta pembeni mwa jicho, kama cheche za fundi wa kuchomelea vyuma. Nikifumba bado vipo.

Nikafungua kijitabu. Ukurasa wa ishirini na saba, "Baada ya kujifungua". Sentensi ya kwanza ya hatari: damu nyingi. Ya pili: homa. Ya tatu — nyeusi. Mstari mnene, mara mbili. Kazi ya mkono wangu mimi.

Nikaichana karatasi, nikaibandika kwenye kioo cha dirisha, jua likaipiga kwa nyuma. Neno kwa neno. "Kichwa kikiuma bila kupoa, ukiona vimetameta, uso ukivimba, usingoje, mwambie mumeo akupeleke hospitali saa hiyohiyo."

Mtihani niliwafelisha wote. Kumbe aliyefeli ni mimi.

Nikamwita mama mkwe. Akaanza, mwanangu, uchungu huo — nikamkata, mara ya kwanza maishani. Nikasema mama, huu si uchungu, huu ni ugonjwa, na umeandikwa. Nikamsomea pale dirishani. Akaniangalia uso, vizuri, kama anayehesabu. Kisha akamfunga mtoto kifuani, akavaa viatu vya mlangoni. Vilikuwa vya Fundi. Hakuona.

Saa tano, hospitali. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine umefungwa kile kitambaa cha kupimia presha. Kimejaa upepo, kimeachia, kimejaa tena. Muuguzi ni yuleyule wa kadi. Kapima mara tatu. Hasemi namba. Kafungua mlango akamwita daktari, si kwa sauti kubwa, ila hakungoja jibu, kamfuata.

Karudi na kitanda cha magurudumu. Kauliza, mama, mumeo yuko wapi?

Kabla sijafungua mdomo mama mkwe kasimama, mjukuu kifuani, viatu vinampwaya. Kasema: leo mume ni mimi. Andika.

Muuguzi hakucheka. Kaandika.

Taa ya juu ina cheche pande zote. Mama mkwe ameinama. Amenigonga begani kwa kidole, mara mbili. Anatega sikio. Kumbe Fundi alikuwa anamuiga mama yake.

Muuguzi anasema niweke kalamu. Nimemwambia namalizia