La Mwisho ni la Mtoto

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi, zikukute u mzima na kile kifua kimeacha kukusumbua. Huku hatujambo. Mama anauliza kama unakula au unashindia chai. Mimi ni mzima, ila barua hii imenishinda. Nimeshaichana mara mbili. Unanijua, kuongea kwangu ni kazi, kuandika afadhali.

Baba yupo na useremala wake, maranda hadi ndani ya viatu. Ule mlango uliopinda, uliowagombanisha wewe na yeye, kila mmoja akidai mwenzake ndiye aliyekosea kipimo, hadi wewe ukaondoka nyumbani, bado umeegemezwa ukutani. Hataki uguswe. Jina lako halitaji.

Mimi nimeingia mchezo mmoja wa mtandaoni, wa kusafiri na mnyama wako mkipigana na madude. Wenzangu darasani wana chui na tai. Mimi nilipewa kobe wa levo ya kwanza, nikamwita Haraka. Walinicheka mpaka machozi. Mmoja akauliza kama namfuga au namkalia. Shida ni kwamba mnyama hapandi levo mpaka yeye mwenyewe apige pigo la mwisho linaloangusha dude. Haraka akija kunyanyua mguu, nimeshakufa zamani.

Ndipo akatokea mchezaji anayejiita Kivuli. Alililegeza dude mpaka likapiga magoti, akarudi nyuma, akaandika kwamba la mwisho ni la mtoto. Kaka, nilijiziba mdomo. Maneno hayo nimeyasikia karakanani tu, Baba akigongelea msumari mpaka ubaki kidogo, kisha anakukabidhi nyundo. Ndivyo alivyotufundisha sote wawili. Nilijua Kivuli ni wewe. Nilinyamaza nikiogopa kwamba ukijua nimekutambua, utatoweka.

Sasa nikiri. Mitihani ilipoanza nilimwomba Baba anilishie kobe jioni, maana asipolishwa hushuka levo. Alinung'unika kwamba uzee wote huu amekuwa mchungaji wa kobe, lakini akaichukua simu yangu. Kumbe ulimkuta humo, ukaandika maneno yako yaleyale. Niliporudi sebuleni alikuwa amevua miwani. Aliniuliza Kivuli ni nani. Nikasema sijui. Akasema haya. Tangu siku hiyo akitoka kazini ananawa mikono, ananyoosha kiganja nimpe simu, haombi hata kwa mdomo.

Kwa hiyo Haraka uliyekuwa ukimsaidia siku hizi si mimi, na ndiyo maana siwezi kukuandikia humo mchezoni. Baba anasoma kila herufi.

Ile jioni ya mwisho dude lilipiga magoti, ukarudi nyuma kama kawaida yako. Kobe naye akarudi nyuma. Uliuliza kama mtandao umekatika. Haukukatika. Nilikuwa nyuma ya kiti cha Baba, kidole chake kiko hewani, anakungoja wewe upige. Ukangoja, akangoja, hata dude likapata nguvu likawaua nyote wawili. Baba alicheka sana.

Tangu hapo hujaingia. Sijui umechoka au umeshtuka. Kila jioni anamsimamisha kobe palepale, na mimi siwezi hata kusoma nikimwona.

Mama anakusalimu, nami nakusalimu mara mbili. Ingia, kaka. Na akirudi nyuma tena, usibishane naye. Piga.

Ni mimi mdogo wako,
kitinda mimba, mwoga wenu