Redio Iliyopona

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, nikitumaini zitakukuta mzima na kazi inakwenda. Sisi hatujambo, hata mguu wa mama umepata nafuu. Ila mimi moyo haunitulii. Nakuandikia juu ya meza ya cherehani, maana kwenye simu ungenikatiza kama kawaida yako, na kila nikisikia nyayo za mama sebuleni kalamu inasimama.

Ni habari ya ile redio kuukuu ya mama. Uliponiambia kwamba redio za taa sasa zinatafutwa, na kwamba ya kale ni dhahabu, nilikutii. Ulitaka itengenezwe, iuzwe, mama aezekewe jiko. Fundi aliifungua mbele yangu akatikisa kichwa. Alisema taa moja ya kioo imekufa na kuipata ni kazi, kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme ndani yake, zimechoka, waya umetafunwa na panya, na kwamba matengenezo yatakula nusu ya bei yake kabla haijatamka neno. Akanionya nisiguse ubao kwa msasa wala vanishi, kwani wanunuzi wa vitu vya kale wanalipia mikwaruzo ya asili. Nilipomsimulia mama, alisema yeye pia anayo mikwaruzo ya asili, mbona hajaona mnunuzi.

Basi ikatengenezwa, ikarudi imepona. Ule mngurumo uliokuwa ukitoka tangu asubuhi mpaka tunapolala, haupo. Sasa inatoa habari, muziki na matangazo ya sabuni, sauti safi kabisa. Mnunuzi alikuja, akaizunguka, akataja bei iliyonifanya nitafute kiti. Tukakubaliana aje kuichukua Jumamosi.

Kumbe nilikuwa najipalia makaa. Tangu siku hiyo mama hakai. Anafagia palipofagiliwa, anafungua mlango, anachungulia nje, anafunga. Nilimuuliza kama anaumwa, akasema nyumba ina kelele. Nikaizima redio, akasema nyumba imekuwa kimya mno. Hapo uvumilivu ukanishinda. Nilimwambia kwamba redio ile haikuwa imeshika stesheni kwa miaka, ilikuwa inakoroma tu, na anacholilia ni ugonjwa wa kapasita.

Hakukasirika. Alikaa, akanieleza jambo nisilolijua. Baba alipokuwa akiendesha malori, stesheni zikifunga usiku mama hakuizima redio. Aliuacha ule mngurumo ili baba akifika mlangoni ajue yupo mtu macho, anamngoja. Baba alipofariki aliizima, akaifunika kitambaa. Hilo nalikumbuka, maana kitambaa nilikishona mimi. Aliiwasha tena siku uliyogombana naye ukabeba begi lako, nayo tangu hapo haikuzimwa mchana kutwa, mpaka nilipoipeleka kwa fundi.

"Sasa inasema mambo ya watu," akaniambia. "Mwanangu akifika mlangoni, atajuaje kama anangojewa?"

Kaka, nililia mbele yake kama mtoto. Unanipigia mimi simu, unaniuliza hali yake, yeye mwenyewe humuulizi. Nami nimekuwa nikipeleka salamu huku na huku kama tarishi, nikidhani nasaidia.

Nimerudi kwa fundi. Bahati nzuri alikuwa hajazitupa kapasita kuukuu, nikamwomba arudishe ile iliyokuwa ikileta mngurumo. Alicheka mpaka akavua miwani, akasema tangu ashike kazi hii hajawahi kulipwa kurudisha ugonjwa. Ameirudisha moja isiyo na hatari, na waya mpya ameuacha. Mnunuzi nimemwambia asije. Amenuna, na kwa bei ya sokoni redio hiyo sasa haina maana.

Inanguruma tena. Mama ametulia kidogo, lakini mimi sijatulia, maana sasa najua inamwita nani, na nikishona naisikia. Fundi amemaliza kazi yake. Gharama iliyobaki ni nauli yako.

Mama hajui kama nimekuandikia, kwa hiyo salamu zake sitazitunga. Njoo uzichukue mwenyewe. Watoto wanamwamkia mjomba wao.

Ni mimi dada yako,
Mshonaji