Mahali Pangu Koru

Jumamosi, 11 Januari

Miguu imekufa. Naandika nikiwa nimeitumbukiza kwenye karai la maji ya chumvi.

Pikapu ya Kocha Indakwa ilituchukua alfajiri, baiskeli zimefungwa nyuma, mpaka Koru. Barabara ya kule milimani karibu haina magari. Pembeni ni mawe meupe tu, mawe ya chokaa, mvua imeyala hadi yanafanana na meno. Ukipita yanapochimbwa, vumbi linakaa midomoni. Ladha ya chaki. Nilikuwa nalamba chaki darasa la tatu, kwa hivyo najua.

Nilimwacha Brenda, mwenzangu wa mazoezi, kwenye mwinuko wa pili. Alishuka akasukuma. Mimi nilibaki kwenye gia ndogo, kichwa chini, nikisikiliza cheni. Ukiwa unapanda mlima hakuna anayekuongelesha. Hakuna anayengoja ujibu. Ndiyo sababu naupenda mchezo huu, na sijawahi kumwambia mtu.

Kambi inaanza Jumamosi ijayo, huko huko Koru. Wasichana wanne. Watatu wameshapata nafasi. Jioni Kocha aliniambia wa nne ni mimi, ila sijatimiza miaka kumi na minane, lazima Baba akubali. Atakuja kesho baada ya kanisa kumwomba; Baba hamjui, na mimi sijathubutu kumwambia.

Naitaka nafasi hii kuliko matokeo ya mtihani. Mungu anisamehe.

Jumapili, 12 Januari

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Kocha alikuja amevaa suti, mkononi mkate na sukari. Heshima tu. Mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Baba alikuwa sebuleni na Senge Robai, dada yake; senge kwetu ni shangazi. Mama alikuwa bado kanisani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na chupa ya chai.

"Mzee, sitazunguka," Kocha akasema. "Nimekuja juu ya mahari ya huyu msichana. Nataka tumalize leo, kabla mwingine hajachukua."

Kwa Kocha, l na r ni kitu kimoja. Alimaanisha mahali. Mahali pangu kambini. Lakini suti, mkate, sukari, halafu mahari!

"Uko na bibi?" Baba akauliza polepole.

"Niko naye. Amekubali kabisa. Yeye ndiye atakuwa anawapikia."

"Anawapikia?"

"Huyu ni wa nne, mzee. Watatu nimeshachukua. Wazazi yao hawakusumbua."

"Wooi! Wa nne!" Senge akapiga yowe. "Na nywele imeisha kichwani!"

Baba akashika fimbo ya ng'ombe. Kocha akarudi kinyumenyume hadi langoni akilia, "Baiskeri, mzee! Ni mambo ya baiskeri!"

Hapo akaharibu zaidi.

"Sikia," Senge akasema. "Kumbe alikuwa anamnunua na baiskeli."

Baba ameifungia baiskeli stoo. Ufunguo uko mfukoni mwake.

Mimi nilielewa tangu mwanzo. Nilikuwa na neno moja la kusema na mdomo ukakataa. Nilisimama na chupa ya chai kama nguzo. Najichukia.

Jumatatu, 13 Januari

Nilimweleza Mama tukichagua maharagwe. Alicheka hadi ungo ukamwagika. Mimi sikucheka.

Mchana akamweleza Baba. Baba akameza tonge la obusuma, ugali wetu, akafuta mkono. Nilidhani atatoa ufunguo. Akasema, "Mtu mzima akishindwa kutamka neno, atachunga mtoto wa wenyewe namna gani?"

Baba ndiye huita lori rori. Maisha yake yote.

Ameshaelewa. Naona ameelewa. Hataki tu kuonekana amekimbiza mtu bure.

Jumatano, 15 Januari

Senge ametangaza habari kwetu Shinyalu nzima. Nilitumwa sokoni.

"Bibi mdogo, karibu nyanya!" akaita mama wa nyanya.

"Usimuite mdogo, huyo ni wa nne," akasema wa vitunguu. "Watakuwanga wanalala kwa zamu."

Wakacheka wakishikana mabega. Nilinunua nyanya zilizooza kwa sababu sikutaka kuinama nichague.

Nikampitia Senge kwake. Nilijilazimisha. Nikamwambia, kwa sauti niliyoisikia mwenyewe, kwamba yule ni kocha na alisema mahali.

"Nimeambiwa," akasema. "Na hata kama ni mahali. Mwanaume anatafutia msichana mahali ya nini?"

Nimelifikiria swali hilo njia nzima. Halina jibu, kwa sababu si swali.

Ijumaa, 17 Januari

Kocha hajajibu ujumbe wangu wowote. Kesho pikapu inaondoka.

Asubuhi Mama alimwambia Baba kama hatampigia huyo mwalimu, atajipikia mwenyewe. Baba akapiga. Hasikii vizuri, kwa hivyo simu aliiweka sauti kubwa. Sote tulisikia.

"Mwalimu," Baba akasema, "ile mahari ya msichana, bado iko?"

Mama akaziba mdomo kwa leso. Baba mwenyewe hakusikia kosa lake hata kidogo.

Kocha akajibu: "Mzee, hiyo ilichukuliwa."

"Na nani?"

"Brenda. Baba yake alikubali siku hiyo hiyo. Aliniletea hata ndizi."

"Si wangu ndiye anapanda mlima vizuri?"

"Anapanda kuwashinda wote. Lakini watu wanaongea, mzee. Mimi niko na bibi, niko na watoto. Nikimbeba msichana yako kwa pikapu, kesho kambi itafungwa."

"Sawa," Baba akasema. Akakata simu.

Sawa. Hakumwomba Kocha radhi. Hakuniambia pole. Alivaa gambuti akaenda kukata nyasi za ng'ombe.

Namchukia Baba leo. Nimeandika. Kocha namchukia kidogo tu, ingawa labda ningepaswa kumchukia zaidi. Yeye anajua ukweli na ameuogopa. Brenda hana kosa. Brenda atasukuma baiskeli yake kwenye ule mwinuko, na watamngoja.

Jumamosi, 18 Januari

Nilisikia pikapu ikipita kabla ya jua kutoka. Ilipunguza mwendo kwenye matuta, ikaongeza tena.

Baada ya chai Baba alifungua stoo. Akaitoa baiskeli mwenyewe, akaifuta vumbi kwa shati lake la kazi, akajaza upepo magurudumu yote mawili. Pampu yetu ni mbovu. Ilimchukua muda. Akaiegemeza ukutani mahali ninapoweza kuiona kutoka jikoni.

"Enda zunguka kidogo," akasema. "Hata mpaka msituni. Hakuna mtu atakuuliza."

Nilimwambia nina nguo za kufua. Nilikuwa nimezifua jana. Zilikuwa zinaning'inia pale pale kwenye kamba, kati yake na mimi. Aliziangalia, akairudisha pampu stoo.

Nilimenya viazi. Nilifagia uwanja. Nilifagia kuizunguka baiskeli, sikuigusa.

Jioni kuku mmoja alipanda akalala juu ya kiti cha baiskeli. Sikumfukuza.